Mwana Akisema Riziki Yake Iko Katika Mpira



Ni nyumba chache zenye mwana wa kiume ambazo maneno haya hayajasemwa: "Baba, mimi nataka kuwa mchezaji wa mpira." Baba mmoja akiyasikia hukasirika, akamwambia mwanawe kuwa mpira ni upuuzi, na kijana akatoka hapo akaenda kucheza kwa siri. Baba wa pili hufurahi kupita kiasi, akaanza kuhesabu fedha ambazo hazijaonekana, na huenda akamtoa mtoto chuoni na shuleni ili apate wakati wa mazoezi. Kwa hakika wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza. Lililopasa kuulizwa kwanza ni hili: kazi hiyo ikoje, tangu mwanzo wake hata mwisho wake? Humpa kijana nini, nayo humtaka nini badala yake?

Mwezi huu twapenda kulitazama jambo hili kwa mfano wa nchi ya mbali, nayo ni Australia. Tumeuchagua mfano huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, huko njia ya mchezaji wa kulipwa imepangwa wazi kama ngazi, na kila kipandio chake chajulikana. Ya pili, mmoja katika walioipanda ngazi hiyo tangu chini hadi juu, kisha akashuka kwa salama, ni kijana wa Kiislamu aliyeishika sala yake mbele ya macho ya watu wote. Jina lake ni Bachar Houli.

MCHEZO WENYEWE

Mpira wa Australia si huu tuuchezao sisi, wala si ragbi ya Waingereza. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa katika mji wa Melbourne mwaka 1859. Uwanja wake ni duara lililorefuka mfano wa yai, na mpira wenyewe una umbo hilohilo. Kila upande huwa na wachezaji 18 uwanjani. Mchezaji aruhusiwa kuushika mpira kwa mikono, kukimbia nao na kuupiga teke. Lakini hana ruhusa kuurusha, bali huuweka juu ya kiganja kimoja akaupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Akikimbia nao, hana budi kuudundisha au kuugusisha chini kila baada ya mita 15.

Katika kila mwisho wa uwanja zimesimamishwa nguzo nne. Mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya zile nguzo mbili ndefu za kati, ni pointi 6. Ukipita baina ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, ni pointi 1. Mchezo hugawanywa robo nne, kila robo dakika 20, tena saa husimamishwa kila mpira unaposimama. Kwa hiyo mchezo mzima huchukua zaidi ya saa mbili. Mchezaji wa kati aweza kukimbia kilomita zaidi ya 12 kwa siku moja, huku akikumbwa na kuangushwa na watu wenye miili mikubwa, naye hana vazi la kumkinga kifua wala mabega.

Ligi kubwa ya mchezo huu ilianza mwaka 1897 katika jimbo la Victoria. Mwaka 1990 ikaitwa Ligi ya Mpira ya Australia, kwa kuwa klabu za majimbo mengine zilikuwa zimekwisha kuingia, na tangu mwaka 2012 imekuwa na klabu 18.

NGAZI NA VIPANDIO VYAKE

Mtoto wa huko huanza akiwa wa miaka mitano au sita, katika viwanja vya mtaani, wazazi wakisimama pembeni. Akikua huingia klabu ya mtaa wake. Afikapo miaka 16 au 17, kama ana kipawa, huchaguliwa kuingia timu za vijana wasiozidi miaka 18, na hapo ndipo macho ya klabu kubwa huanza kumfuata. Watu waliotumwa na klabu hizo hukaa pembeni na daftari zao, wakiandika mbio zake, mruko wake, na khasa tabia yake.

Kisha huja siku ambayo vijana wa Australia hawalali usingizi, nayo ni siku ya uteuzi. Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 1986. Klabu huitwa kwa zamu, na iliyokuwa ya mwisho katika ligi ndiyo huchagua kwanza, ili wanyonge wapate nguvu na mashindano yasiwe ya matajiri peke yao. Angalieni sana jambo hili: kijana hachagui klabu, klabu ndiyo humchagua yeye. Aliyezaliwa na kulelewa Melbourne aweza kuitwa na klabu ya Perth, mbali kwa kilomita zipatazo 2,700, akaenda kuishi huko peke yake na umri wake miaka 18. Iko ruhusa ya pekee kwa mwana ambaye baba yake aliichezea klabu fulani michezo 100. Huyo klabu ya baba yake yaweza kumchukua.

Wanaoitwa kwa mwaka mmoja katika uteuzi huo hawafiki mia, na ligi nzima ina wachezaji wapatao 800 tu, katika nchi ambayo watoto wengi mno huucheza mchezo huu. Wasioitwa hurudi nyumbani usiku uleule, na kesho yake yawapasa waanze kufikiri habari za kazi nyingine.

Na aliyeitwa naye asidhani kwamba amefika. Kwa miaka mingi mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili tu. Kila klabu ina wachezaji zaidi ya 40, lakini wanaotumika siku ya mchezo ni 23. Waliobaki hucheza katika timu ya pili, wakingoja mwenzao aumie au achoke. Miaka miwili ikiisha na kijana hajaonekana, huambiwa ahsante, naye ana umri wa miaka 20. Wengi huishia kipandio hicho, na magazeti hayaandiki khabari zao.

BACHAR HOULI APANDA

Houli alizaliwa Melbourne mwaka 1988, na wazazi wake asili yao ni Lebanon. Alicheza katika timu ya vijana ya magharibi ya mji huo, na katika uteuzi wa mwaka 2006 klabu ya Essendon ikamwita. Alikuwa wa 42 kuitwa. Mwaka 2007 akacheza mchezo wake wa kwanza katika ligi, akajulikana kuwa ni Mwislamu wa kwanza mwenye kushika ibada zake waziwazi kufika daraja ile.

Hapo mtu atadhani kwamba khabari imekwisha na raha imeanza. Sivyo. Katika miaka minne yake yote pale Essendon, Houli alicheza michezo 26 tu, na klabu hucheza zaidi ya michezo 20 kwa mwaka mmoja. Yaani, sehemu kubwa ya ujana wake aliikaa akingoja. Mwisho wa mwaka 2010 aliomba kuondoka. Klabu zikashindwa kuelewana juu ya kubadilishana wachezaji, ikambidi aingie tena katika uteuzi kama mgeni, asijue ataitwa na nani, au kama ataitwa. Klabu ya Richmond ikamchukua. Klabu hiyo ilikuwa haijapata ubingwa tangu mwaka 1980, wala hakuna aliyeitarajia.

Huko ndiko subira yake ilikozaa. Alicheza Richmond tangu mwaka 2011 hata 2021, michezo 206, akiwa mlinzi wa upande anayeuchukua mpira nyuma na kuupeleka mbele. Alipata ubingwa mara tatu, mwaka 2017, 2019 na 2020. Na mwaka 2019 aliwekwa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi nzima. Ukijumlisha na zile 26 za Essendon, jumla ya michezo yake ni 232.

Lakini sisi hatumtaji kwa sababu ya vikombe. Twamtaja kwa sababu aliingia katika kazi ambayo desturi yake ni kusherehekea ushindi kwa ulevi, naye hakunywa. Aliingia katika kazi ambayo saa zake zimepangwa na wengine, naye alitafuta nafasi ya sala hata siku ya mchezo. Hakuomba watu wabadili kazi yao kwa ajili yake. Aliomba pahali pa kuweka kipaji chake chini. Mwaka 2012 chumba cha sala kilifunguliwa katika uwanja mkubwa wa Melbourne, unaoingia watu 100,000. Wako walionung'unika. Hata hivyo chumba kikawa ni cha kila mtu atakaye kusali, na baba wa Kiislamu aliyekwenda na watoto wake kutazama mchezo hakuwa tena na udhuru wa kuiacha alasiri.

Wala njia haikuwa ya maua. Mwaka 2013 mtangazaji mmoja mashuhuri alimtaja kwa mzaha kuwa ni gaidi, kwa ajili ya dini yake tu. Mtangazaji yule aliomba radhi, naye Houli akaipokea. Kijana asomaye haya na ajiulize: lau ningekuwa mimi, ningejibu nini?

KOSA NA HUKUMU YAKE

Sasa twafika mahali ambapo mwandishi mwenye kutaka kusifu tu angeruka. Mwezi wa Juni 2017, katika mchezo na klabu ya Carlton, Houli aliurusha mkono nyuma ili ajinasue na mchezaji aliyemshika, ukampiga kichwani, na yule akaanguka akazimia. Houli alipelekwa mbele ya Baraza la Hukumu la ligi. Watu wakubwa walimshuhudia kwa tabia njema, miongoni mwao Waziri Mkuu wa Australia wa wakati huo, Malcolm Turnbull, na mtangazaji Mwislamu Waleed Aly. Baraza likaitazama sifa yake, likampunguzia, likamfungia michezo miwili.

Watu wengi wakasema: je, kichwa kilichopigwa na mtu mwema hakiumi? Ligi yenyewe ikakata rufani dhidi ya hukumu ile, na Baraza la Rufani likaiongeza ikawa michezo minne. Houli akakaa nje michezo minne.

Ndugu vijana, lipimeni jambo hili vizuri. Tabia njema ni mali, na siku ya shida mashahidi wake hupatikana bila ya kutafutwa. Lakini tabia njema si hirizi ya kumkinga mtu na matokeo ya kitendo chake. Haki ya aliyeumizwa haipungui kwa sababu aliyemuumiza husali. Sisi Waislamu ndio tuliopasa kuwa wa kwanza kulikubali hili, kwani dini yetu yatuamrisha kusimamisha uadilifu hata juu ya nafsi zetu na jamaa zetu. Basi adhabu ile ya pili haikumharibia jina. Lililomlinda ni kuipokea na kurudi kazini. Mwezi wa Septemba mwaka uleule Richmond iliifunga Adelaide kwa tofauti ya pointi 48, mbele ya watu zaidi ya 100,000, ikapata ubingwa baada ya miaka 37, naye Houli alikuwamo.

KITU KIINGIACHO MWILINI

Liko jambo jingine ambalo mzazi hapaswi kulipuuza. Mwili wa mchezaji ndio jembe lake, na wengi hutaka kulinoa jembe hilo kwa njia za mkato. Baada ya Houli kuondoka Essendon, klabu ile iliendesha mpango wa kuwadunga wachezaji wake sindano za kuwatia nguvu. Uchunguzi ukachukua miaka. Mwezi wa Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikawatia hatiani wachezaji 34 waliokuwa Essendon mwaka 2012, wakakosa mashindano ya mwaka mzima. Nahodha wao, Jobe Watson, alikuwa amepewa nishani ya Brownlow ya mwaka 2012, ambayo ni ya mchezaji bora wa ligi; ikambidi aiache. Wengi wao walisema kwamba waliwaamini wakubwa wao na kwamba waliambiwa dawa zile hazina makosa. Udhuru huo haukukubaliwa.

Kadhalika mwaka 2013 mchezaji Ahmed Saad wa klabu ya St Kilda alipimwa baada ya mchezo, akaonekana na kitu kilichokatazwa, nacho kilikuwa ndani ya kinywaji cha kutia nguvu kinachouzwa madukani. Alifungiwa miezi 18 kwa kinywaji kimoja.

Sisi tumefundishwa tangu utotoni kuuliza: chakula hiki kimetoka wapi, na ndani yake mna nini? Watu wengine hutucheka kwa swali hilo. Lakini angalieni, hata mahakama za michezo zimefika palepale: kila mtu ataulizwa kwa kiingiacho mwilini mwake, wala hatasema, "Nilipewa na mkubwa wangu." Kijana aliyezoea kuuliza hivyo nyumbani kwao huingia katika kazi hii akiwa na ngao ambayo haiuzwi.

BEI YAKE

Tumetaja faida, haifai kuficha bei. Shane Tuck alikuwa mwenzake Houli pale Richmond, mtu shujaa asiyeogopa kugongana. Baba yake, Michael Tuck, alicheza michezo 426 katika klabu ya Hawthorn, jambo ambalo halikuwa limefikiwa na mtu kabla yake. Shane alifariki mwaka 2020 na umri wake miaka 38. Waganga walipouchunguza ubongo wake waliuona umeharibika vibaya kwa maradhi yaletwayo na kupigwa kichwa mara kwa mara. Maradhi hayo yalionekana pia katika ubongo wa Graham Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa wa zamani, baada ya kufa kwake mwaka 2019. Kwa ajili ya khatari hiyo, tangu mwaka 2021 mchezaji aliyepata mshtuko wa ubongo hukatazwa kucheza mpaka zipite siku 12 kwa uchache.

Hatusemi haya ili kuwatisha wazazi. Twayasema kwa sababu mwili ni amana, na mwenye kuiweka amana yake sokoni hana budi kujua bei kabla ya kupeana mikono. Kijana anayejivunia kuendelea kucheza huku kichwa chamzunguka si shujaa. Na kocha anayemsifu kwa jambo hilo si mlezi wake.

Bei nyingine hulipwa na watu wa nyumbani. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea Melbourne, klabu za mji ule zilihamishiwa jimbo la Queensland, wachezaji wakakaa huko miezi. Mke wa Houli alikuwa mja mzito. Houli akabaki naye nyumbani, timu ikaenda. Baadaye ndipo alipowafuata wenzake, na mwisho wa mwaka akapata ubingwa wake wa tatu katika mji wa Brisbane. Wakati alipoamua kubaki hakujua kama nafasi yake itangojea. Mume anayejua lipi la kwanza na lipi la pili ni bora kuliko kikombe, na hapa alipata vyote viwili. Lakini hata angalikosa kikombe, uamuzi wake ungalikuwa uleule mwema.

BAADA YA KUSHUKA

Houli aliacha kucheza mwaka 2021, akiwa na miaka 33. Katika kazi nyingi mtu wa umri huo ndio kwanza anaanza kuaminiwa. Katika kazi hii ni mzee. Na miaka yake 15 ni mingi mno. Wengi hawapati nusu yake. Ndiyo maana watu wetu wakasema kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Lakini alipoteremka hakukuta mikono mitupu. Alipokuwa bado anacheza alianzisha mashindano ya shule za Kiislamu, na chuo cha kuwalea vijana wa Kiislamu katika mchezo na uongozi, vyote vikabeba jina lake. Wakamfuata na wengine. Adam Saad, ambaye wazazi wake pia asili yao ni Lebanon, alipitwa na klabu zote mwanzoni, kisha akachukuliwa katika daraja la wanagenzi na klabu ya Gold Coast, akaanza kucheza mwaka 2015, na mwaka 2022 akawa katika kikosi cha wachezaji bora wa nchi. Haneen Zreika akawa msichana wa kwanza wa Kiislamu katika ligi ya wanawake, mwaka 2019.

Tena ngazi hii si ya watu wa mbali peke yao. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya Sudani. Alipofika Australia hakuujua mchezo huo hata kwa jina. Alijifunza akiwa kijana. Klabu ya Sydney ilimwita katika uteuzi wa mwaka 2013, akiwa wa 44, akangoja hata mwaka 2016 ndipo akapata mchezo wake wa kwanza. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, naye aliwekwa katika kikosi cha wachezaji bora. Aliyezaliwa chini ya turubai amefika huko. Basi asidharauliwe mtoto wa mtu.

NENO LETU KWA WAZAZI NA VIJANA

Turudi sasa kwa yule mwana na baba yake. Mpira wetu ni mwingine, lakini ngazi ni moja. Mwana anaposema kuwa riziki yake iko katika mpira, twaona yampasa mzazi asimwambie "hapana" wala "ndiyo" kwa haraka, bali amwekee mambo manne.

La kwanza, amwonyeshe hesabu. Ampe khabari za wale walioitwa, na za wale maelfu waliorudi nyumbani usiku ule. Kijana akizijua hesabu hizo na bado akataka, huenda anataka kweli.

La pili, asimtoe katika masomo. Houli alingoja miaka minne. Aliir alingoja mitatu. Na wako waliongoja wasipate kabisa. Mwenye elimu au ufundi mkononi hungoja kwa utulivu. Asiye na kitu hungoja kwa hofu, na mwenye hofu hukubali sindano yoyote.

La tatu, sala iwe imesimama kabla ya mkataba kusainiwa. Asitumaini mtu kwamba ataanza kusali atakapokuwa mashuhuri. Yule aliyeomba pahali pa kusali katika klabu kubwa alikuwa amezoea kusali pahali padogo. Na katika mambo ya saumu na safari, ambayo yana hukumu zake, awaulize wenye elimu ya dini, asijitungie rukhsa wala asijitungie uzito.

La nne, amzoeze tangu leo kukubali hukumu. Refa akipiga filimbi, anyamaze, akimuumiza mwenzake, amwendee amwombe radhi, akifungiwa, akae. Hayo hufundishwa katika uwanja wa mtaani, wala hayana ada.

Kijana akiyashika hayo manne, kisha klabu zisimwite, atakuwa amepoteza nini? Atabaki na afya, na masomo, na sala, na jina jema. Na zikimwita, atapanda ngazi akiwa na kitu cha kushikia. Ama yule asiyekuwa na lolote katika hayo, hata akiitwa wa kwanza, mzazi wake ana haki ya kuogopa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu katika viwanja vyao na katika nyumba zao, awape wazazi hekima ya kusikiliza kabla ya kujibu, na aijaalie riziki yetu sote iwe ya halali na yenye baraka. Amin.